Msisahau Nyumba Yenu

Jumanne, 9 Septemba 1975

Nimechota maji mara mbili kabla ya shule. Nimechelewa paredi. Adhabu: kufagia uwanja pamoja na Sabina. Yeye alichelewa kwa usingizi tu.

Mwalimu wa siasa ametupa insha. Kwa nini chama kimoja huungwa mkono nchi nzima, na kingine hupata wafuasi sehemu moja tu? Tukabidhi mwezi wa kumi na moja. Insha bora itasomwa mbele ya shule siku ya kufunga. Nataka iwe yangu. Ila aisome mtu mwingine. Mimi nikisimama mbele ya watu sauti inakwisha.

Nimeanza leo leo. Sababu ya kwanza, lugha. Mtu wa Tarime na mtu wa Lindi wanaelewana. Sababu ya pili, hakuna kabila kubwa kiasi cha kuyatisha mengine. Sabina anatoka Robanda, na watu wa kwao ni wachache. Anasema wakiwa na chama chao wenyewe, mkutano mkuu utafanyika darasa la pili na madawati yatabaki. Tena kwao wanaopiga kura kila usiku ni tembo, na wote wanachagua mahindi. Nimecheka mpaka kiranja akaniangalia. Nimeandika ile ya madawati. Ya tembo nimeiacha.

Sababu ya tatu, mabalozi. Hii naijua vizuri. Baba ni balozi wa nyumba kumi hapa Nyamisangura. Ana cherehani barazani na bendera ya Chama juu ya mlango. Ugomvi, mgeni, mwizi wa kuku, vyote vinapita kwake kwanza. Chama kingine kingeingilia wapi? Nchi nzima kuna mlango wenye bendera kila baada ya nyumba kumi. Nimejivunia kuandika hivyo.

Jumamosi, 13 Septemba

Dada Robhi amekuja kututembelea na mwanawe Mwita. Mwita sasa anakimbia. Ananiita Mama Mdogo na anataka kalamu yangu. Nimempa kijiti.

Robhi ana furaha. Sikutegemea, alivyolia siku ya kuolewa. Ameolewa ng'ambo ya mto, kwa watu wa nyumba ndogo. Sisi ni watu wa nyumba kubwa. Babu yetu wa zamani sana alikuwa na wake wawili. Sisi tulitoka kwa wa kwanza, wao kwa wa pili. Kwa Kikurya nyumba si kuta. Nyumba ni mke na wale aliowazaa. Mababu zao na zetu waliibiana ng'ombe, wakaoana, wakaibiana tena. Baba alikubali ndoa hii kwa sababu Marwa, mume wa Robhi, ni mtu mpole. Pia kwa sababu kaka yake Marwa ni Mwalimu Nyamhanga.

Mwalimu Nyamhanga alinifundisha darasa la tano. Aliniazima vitabu vyake, hata vile vyenye jina lake kwa wino. Sasa majina mawili ya wagombea ubunge yamerudi kutoka makao makuu ya Chama, na moja ni lake. Jina la pili ni la Bwana Magige, mtu wetu, mwenye lori. Lori limeandikwa jina la mkewe, kwa kuwa kiongozi haruhusiwi kuwa na mali ya namna hiyo.

Wote wawili ni wa Chama kimoja. Kwa hiyo yeyote atakayeshinda, Chama kimeshinda. Nimemweleza Bibi. Amesema hiyo ni kama kuulizwa nataka kuchapwa na mkono upi.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya kanisa amekuja Mzee Kisiri na wazee wengine wa kwetu. Walikaa na Baba nyuma ya nyumba. Nilikuwa napeta wimbi karibu. Watu hunisahau kwa sababu sisemi.

Imekatazwa kutaja kabila, ukoo au dini katika uchaguzi. Mgombea akitaja anaondolewa. Balozi akitaja anavuliwa ubalozi. Mzee Kisiri amesema basi hatutataja. Tutasema tu, "Msisahau nyumba yenu." Mwenye akili ataelewa. Mgeni kutoka makao makuu akisikia atafikiri tunahimiza watu waezeke mapaa kabla ya mvua.

Wazee wamecheka sana. Baba amecheka kidogo, kisha akasema kwamba yule mwingine ni kaka wa mkwe wake. Mzee Kisiri akamwambia mkwe ni wa ng'ombe, ukoo ni wa damu.

Jioni amezunguka nyumba zake zote kumi. Msisahau nyumba yenu. Nilimsikia akiwaambia majirani, na aliporudi akamwambia Mama na Bibi. Bibi alisema atawezaje kuisahau, ameisiriba mwenyewe kwa mikono yake.

Sikulala vizuri. Nilitaka Baba akatae.

Jumatatu, 22 Septemba

Alama za wagombea zimetangazwa. Mwananchi asiyejua kusoma ataangalia picha. Picha ni mbili, jembe na nyumba.

Bwana Magige amepewa jembe.

Mwalimu Nyamhanga amepewa nyumba.

Wanaume wote walikaa barazani kwetu kama wamefiwa. Wiki nzima wamewaambia watu wetu wasisahau nyumba. Sasa nyumba ni ya watu wa ng'ambo. Mmoja akasema turudi tuwaambie wake zetu na mama zetu. Tuwaambie nini? Tukisema ile nyumba siyo, nyumba yetu ni jembe, itabidi tueleze nyumba yetu ni ipi, na huo ni ukoo. Nyumba ya saba kuna karani wa wilaya ambaye anaandika kila kitu.

Mzee Kisiri amesema watu si wajinga. Wataelewa.

Mimi nilicheka peke yangu jikoni. Halafu nikaona haya.

Jumapili, 28 Septemba

Mkutano wa kampeni uwanjani. Wagombea walikuja kwenye gari moja, wakakaa benchi moja, wakapewa muda sawa. Kiswahili tu. Mkalimani aligeuza kwa Kikurya kwa ajili ya wazee.

Mwalimu Nyamhanga alizungumzia dawa za zahanati na bei ya pamba. Alisema vizuri. Bwana Magige alizungumzia barabara. Kijana mmoja akauliza, "Mzee, hiyo barabara ni ya kwetu au ya lori la mama?" Uwanja mzima ulilipuka. Bwana Magige mwenyewe alicheka, akajibu, "Mura, mama yako alipougua alipanda nini kwenda hospitali? Si lori la mama?" Akapigiwa makofi. Ni mtu mjanja. Nilijikuta nampenda kidogo na nikajikasirikia.

Mwisho Mwalimu Nyamhanga akasema alama yake ni nyumba. Mkalimani akageuza. Kwa Kikurya ni neno lile lile karibu. Nikaona bibi zetu, wale wenye shanga na masikio marefu, wamekaa mstari mzima upande wetu. Wote wakaitikia kwa vichwa. Wameelewa.

Shangazi yangu akasema kwa sauti, "Jembe tunashika sisi, nyumba tunajenga sisi, ubunge wanapata wao." Mwenyekiti alimwambia akae chini. Alikuwa ameshakaa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Robhi amerudishwa nyumbani.

Naandika haraka, nimekasirika. Wazee wamemwambia Baba maneno yanasemwa. Balozi gani ana binti kwenye boma la mpinzani? Balozi gani anabeba siri zetu na huku anakula kwa wakwe? Akitaka waamini yuko upande wao, amchukue binti mpaka kura zipite. Mpaka kura zipite tu.

Baba alikataa siku mbili. Siku ya tatu alituma mtu ng'ambo kusema Bibi mgonjwa sana. Robhi akaja mbio na Mwita mgongoni, bila nguo ya kubadilisha. Akamkuta Bibi anatwanga.

Hakupiga kelele. Alimwangalia Baba, akamwambia, "Tata, ungeniambia ukweli. Ningekuja hata hivyo, kwa kuwa umeniita." Baba akarudi kwenye cherehani. Alishona mpaka sindano ikavunjika. Bibi amekasirika kuliko wote. Hapendi kuuguzwa na yeye mzima.

Jumamosi, 11 Oktoba

Shemeji Marwa alikuja leo. Alisimama barabarani tangu asubuhi. Kwa mila zetu hawezi kumkemea baba mkwe, hata kumtazama usoni ni vigumu. Kwa hiyo alisimama. Baba alimwona. Baba alishona suruali moja siku nzima.

Nilimpelekea maji. Shikamoo Shemeji. Marahaba Ghati. Aliuliza kama Mwita anakula. Nikasema anakula. Akauliza kama Robhi anakula. Sikujua niseme nini. Nikasema maji ni ya mtungini, ni baridi. Mimi ni mjinga sana mbele ya watu.

Usiku huu nimerudia insha. Shangazi yule anafanya biashara ya chumvi Sirari, anajua mambo ya ng'ambo ya mpaka. Nilimuuliza kuhusu vyama vyao vya zamani. Alisema kulikuwa na cha makabila makubwa na cha makabila madogo. Kila mtu alijua chake kabla hajasikia hotuba hata moja. Nilimwambia kwetu siyo hivyo, sisi tuna kimoja, kipo kila mahali. Akaniuliza, "Hapa kwenu kipo mkononi mwa nani?" Nikasema mwa Baba. "Na ng'ambo ya mto?" Nikasema mwa balozi wa kule. "Ni mtu wa nyumba gani?" Nikasema ya kwao.



Ninafikiria hivi. Labda chama kinakuwa cha sehemu moja pale watu wanapoweza kuondoka na kuanzisha chao. Ukiziba huo mlango, watu hawaachi kugombana. Wanakuja kugombania ndani. Bendera ni moja na chini yake kila mlima una watu wake. Sijui kama hili linaruhusiwa kuandikwa. Nimeliandika hapa.

Jumapili, 19 Oktoba

Imebaki wiki moja. Robhi anafanya kazi zote bila kuombwa. Amesiriba jiko upya. Mama anamwambia apumzike. Anasema akipumzika anafikiri.

Kura zikipita atarudi kwake. Baba ameahidi mbele ya Mama. Kwa hiyo sijali tena nani atashinda. Namtaka Mwalimu Nyamhanga, lakini sijali. Zipite tu.

Leo nimezungumza na Bibi. Nilimchorea jembe na nyumba chini kwa kidole. Nikamwambia polepole, Bibi, wazee wetu wanataka jembe. Aliangalia michoro yangu. Akasema nyumba nimeichora mbovu, haina pa kutokea moshi.

Nikarudia. Jembe, Bibi. Akasema, "Baba yako alikuja hapa kwa miguu yake akasema nyumba. Wewe unasema jembe. Nimsikilize nani, balozi au mtoto wa vitabu?" Nikamwambia nyumba ni alama ya watu wa ng'ambo. Akacheka mpaka akakohoa. "Wale? Wale ni nyumba ndogo. Wangeiweka picha ndogo. Ile niliyoiona uwanjani ni kubwa. Ni yetu."

Nilikwenda kumwambia Baba. Alisimamisha cherehani. Uso wake ulikuwa mgonjwa. Alitazama upande wa nyumba ya saba, kwa karani. Akaniambia, "Nyamaza. Kura ni siri."

Jumapili, 26 Oktoba

Kura.

Misa ilikuwa ya alfajiri ili watu wawahi. Foleni ndefu, wanawake kwao, wanaume kwao. Bibi alivaa khanga mpya. Alitoka chumbani pa kura amenyoosha mgongo. Wenzake walimfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyeonekana na wasiwasi.

Robhi naye alipiga. Jina lake liko ng'ambo, lakini msimamizi alimkubalia baada ya Baba kumthibitisha. Sikumuuliza amechagua nini. Alipotoka aliniuliza kama sasa zimepita. Nikamwambia bado kuhesabu. Amefunga nguo za Mwita ndani ya kitenge. Kitenge kiko mlangoni.

Jumanne, 28 Oktoba

Mwalimu Nyamhanga ameshinda.

Ameshinda ng'ambo, hilo kila mtu alilitegemea. Ameshinda huku kwetu pia. Masanduku ya upande wetu yalifunguliwa bomani mbele ya mawakala, na nyumba ilikuwa nyingi kuliko jembe. Wanaume wetu walichagua jembe. Mama zao, bibi zao na baadhi ya wake zao walichagua nyumba. Wanawake ni wengi kuliko wanaume. Hakuna aliyewahi kulifikiria hilo.

Redioni usiku walitaja jimbo letu. Sijawahi kusikia tukitajwa redioni. Walisema mshindi ameungwa mkono na pande zote bila kujali ukoo, na kwamba hii ni dalili ya umoja uliokomaa. Wananchi wa huku wanastahili pongezi.

Bibi alikuwa anasikiliza. Hajui Kiswahili kingi lakini alisikia "pongezi". Akauliza tumeshinda? Baba akazima redio. Akasema, basi tumeshinda, na mbona mmenuna?

Jumatano, 29 Oktoba

Wazee wamekuja. Safari hii hawakukaa nyuma. Walisimama barazani, mbele ya cherehani, watu wanapita.

Mzee Kisiri alisema Baba aliwauza. Ni nani alizunguka nyumba kumi akisema nyumba? Ni nani ana mkwe ng'ambo? Ni nani alimpeleka binti yake kupiga kura huku? Baba alimkumbusha kwamba neno lile lilitoka kinywani mwake yeye Kisiri, na wote walikuwepo. Wote walikuwepo. Wote waliangalia chini.

Mzee Kisiri akasema yeye alilisema kabla ya alama. Baba aliliacha liendelee baada ya alama. Hiyo ndiyo hila.

Halafu akataja adhabu, kwa sauti ndogo. Hakuna mtu wa kwetu atakayekula kwa Baba, kumzika mtu wake, wala kumsaidia ng'ombe wake wakichukuliwa, mpaka aonyeshe. Aonyeshe nini? Robhi asirudi kule. Ng'ombe wa mahari warudishwe.

Robhi alikuwa ndani. Alisikia yote. Kitenge bado kiko mlangoni.

Ninawachukia. Namchukia Mzee Kisiri na fimbo yake. Namchukia na Baba pia kidogo, kwa vile alivyosimama na futi ya kupimia shingoni kama mtoto wa shule.

Jumamosi, 1 Novemba

Wakwe wamekuja kumchukua Robhi. Walikuja na furaha, hawakujua lolote. Shemeji Marwa, wazee wawili, na mama mkwe amebeba maziwa kwenye kibuyu. Mama mkwe alianza vigelegele tangu kwenye kona. Alisema nyumba zote mbili zimekuwa moja, asanteni kwa kura zenu.

Baba aliwapokea. Viti vikaletwa. Kisha akawaambia kwamba binti hatakwenda na kwamba ng'ombe watarudi.

Mama mkwe alidhani ni utani. Aliuliza, "Balozi, tumewakosea nini? Si mlitupa kura?" Baba alisema hakuna kosa. Aliulizwa sababu akasema hakuna sababu. Sauti yake ilikuwa kama yangu ninapoitwa ubaoni.

Ndipo mzee wao mmoja akasimama. Akasema kama ni hivyo, mtoto ni wa kwao. Ng'ombe hawajarudi bado, na hata wakirudi, alizaliwa juu ya ng'ombe wao. Hiyo ni sheria na hakuna aliyebisha. Hata Mama hakubisha. Robhi alimvalisha Mwita shati ambalo Baba alimshonea. Alimfunga vifungo taratibu. Alimwambia anakwenda kwa Baba yake na atakula ndizi.

Mwita aliondoka mabegani mwa Shemeji. Alikuwa anapiga kelele za furaha, alikuwa juu sana. Shemeji hakugeuka. Nafikiri hakuweza.

Robhi alikunywa maji vikombe vitatu mfululizo. Kisha akaenda kuwafungulia mbuzi.

Alhamisi, 6 Novemba

Baba amekwenda ofisi ya Chama wilayani. Nilifurahi nilipomwona anavaa kofia. Nilifikiri: hapa ndipo Chama kitafanya kazi. Ni chama cha wote. Kilikataza ukoo. Kitawaita wazee na kuwaambia wamevunja katazo.

Amerudi saa kumi. Alimwambia Mama walivyomjibu. Uchaguzi umekwisha salama, jimbo limepongezwa, wasirudishe makelele ya ukoo mezani. Kuhusu binti, mambo ya ndoa na ng'ombe ni ya ukoo. Chama hakiingilii.

Ukoo umekatazwa kusemwa. Robhi ni jambo la ukoo. Kwa hiyo Robhi hasemwi.

Baba alivua kofia akaitundika. Akaendelea na sare za shule. Mama akalala mapema.

Jumamosi, 15 Novemba

Sherehe ya ushindi uwanjani. Sikutaka kwenda, lakini shule yote ilipelekwa kuimba. Mwalimu Nyamhanga na Bwana Magige walishikana mikono, wakainua juu. Bwana Magige alisema hakuna aliyeshindwa, Chama kimeshinda. Ametoa lori kuwabeba wacheza ngoma. Watu wanasema atapewa kazi katika ushirika.

Mwalimu aliniona kwenye safu ya waimbaji. Alikuja akanisalimia mbele ya wote. Aliniuliza nasoma nini siku hizi. Robhi ni mke wa mdogo wake. Mwita anakula kwake. Nilikuwa na maneno mengi. Nilisema nasoma jiografia.

Aliangalia pembeni. Akasema, kwa sauti ya chini, ni wakati mbaya, wakimwona anaingilia watasema mbunge ni wa upande mmoja. Tuvumilie kidogo. Akanipiga bega.

Vitabu alivyoniazima nimevifunga kwa kamba. Nitampa mtu amrudishie.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimekabidhi insha. Niliandika mbili.

Moja ina lugha, makabila madogo, mabalozi, na ng'ambo ya mpaka. Mwishoni inasema umoja.

Nyingine inasema kwamba chama cha nchi nzima na chama cha sehemu moja wakati mwingine ni kitu kimoja kilichohesabiwa mahali tofauti. Ukihesabu kura kule mlimani unawaona wakwe na wazee wa ukoo. Ukizijumlisha mjini unaona taifa. Kwamba hapa kwetu mtu mmoja aliungwa mkono pande zote kwa sababu bibi zetu walimtii balozi. Hawakukosea hata neno moja. Walifanya walichoambiwa. Na kwamba kosa hilo ndilo lililotangazwa kama umoja, na mtu mmoja tu analilipia, naye hakugombea chochote.

Ya pili ni bora. Nimekabidhi ya kwanza. Baba ni balozi bado. Nina miaka miwili ya shule mbele. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Ijumaa, 5 Desemba

Insha yangu imesomwa mbele ya shule. Kiranja aliisoma kwa sauti nzuri. Makofi mengi. Sabina alipiga mluzi. Mgeni wa heshima alisema vijana kama hawa ndio tumaini.

Nilipofika nyumbani Mama alitaka nimweleze iliandikwa nini. Nilimwambia ni ya siasa tu. Robhi akasema, "Mwambie Mama, yeye ni mama yako, afurahi." Nikaeleza. Mama alifurahi. Robhi alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni nzuri, akaenda kukama.

Ng'ombe wa kukama sasa ni mmoja. Wale wa mahari walivushwa mto Jumanne. Mzee Kisiri alikuja siku hiyo hiyo kula kwetu. Alikula vizuri.

Jumamosi, 13 Desemba

Mvua ya asubuhi, kisha jua.

Nimekwenda mashineni na Robhi kusaga. Foleni ilikuwa fupi. Wanawake walimsalimia vizuri, hakuna aliyeuliza. Tulirudi na unga kichwani kwa njia ya barabara kubwa kwa sababu ile ya chini ina utelezi.

Land Rover ya mbunge ilitupita ikielekea ng'ambo. Ilipunguza mwendo kwa ajili ya tope. Ilijaa watu, vioo wazi, nyuma kuna wanawake na watoto waliopewa lifti. Mmoja alitupungia. Robhi alisimama pembeni, akashika unga kwa mkono mmoja, akatazama mpaka ilipopotea.

Aliniuliza kama nimewaona watoto wote wa nyuma. Macho yangu ni mazuri kuliko yake.

Nilimwambia nimewaona wote.

Hakuuliza tena. Alihamisha mzigo, tukaendelea kutembea.